Duka la Paketi Tupu

Nilipenda kufundisha kwa michezo kwa sababu nilikuwa mvivu. Wazazi walionipenda siku zile waliona kipaji, na wapo ambao hata leo wakinikuta njiani huwaambia wenzao, "Huyu mzee ndiye aliyejua kucheza na watoto." Sijawahi kuwakatiza. Kipaji kilikuwepo kidogo, sikatai. Lakini asubuhi nyingi nilifika darasani bila kuandaa chochote, na mchezo haukuulizi umeandaa nini.

Hii ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Kiwanda nilichokuwa karani wake katika mtaa wa Baba Dogo kilikuwa kimepunguza watu, nami nikawa mmoja wa waliopunguzwa. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, mke, watoto waliohitaji kula, na mwandiko mzuri. Kanisa letu lilikuwa na darasa la chekechea upande wa nyuma, chumba cha mabati chenye sakafu ya simiti iliyopasuka, na mwalimu wake alikuwa ameolewa akahamia Mombasa. Mwenyekiti wa kamati aliutazama mwandiko wangu kwenye barua ya maombi, akasema, "Watoto wataiga huu," na kazi ikawa yangu.

Nilipelekwa semina ya siku moja. Mama aliyetufundisha alikuwa mcheshi, mwenye sauti iliyofika viti vya nyuma bila yeye kupaza. Alisema jina la herufi halimsaidii mtoto mdogo. Kinachomsaidia ni sauti yake. Usimwambie hii inaitwa nini. Mwambie hii husema mmm, halafu weka a mbele yake, uone kama hatakuambia mwenyewe "ma". Alituchezesha sisi watu wazima, tukaruka na kupiga makofi ndani ya suti zetu za mitumba, na kabla hatujaagana akatuambia kwamba kifaa bora cha kufundishia ni kile ambacho kila mtoto tayari anacho nyumbani kwao. Neno hilo nililishika kama mstari wa Biblia. Lilikuwa neno tamu kwa mtu asiyetaka kukaa jioni akikata kadi.

Mchezo wa kwanza niliochukua, watoto walikuwa wakiujua tayari. Mmoja huita "Nyama, nyama, nyama!" na wengine huitikia "Nyama!" Anataja ng'ombe, wanaruka. Anataja kuku, wanaruka. Anataja paka, na anayeruka anachekwa kwamba kwao wanakula paka. Mimi niligeuza kidogo tu. Niliita "Sauti, sauti, sauti!" nikataja sauti ya siku, tuseme ma, kisha nikamwaga maneno. Maji, wanaruka. Maziwa, wanaruka. Kiti, wanabana miguu na kucheka. Kulikuwa na mvulana ambaye baba yake alichinja mbuzi kwenye machinjio ya Kiamaiko, na yeye, sauti iwe yoyote, akisikia mbuzi aliruka.

"Tumesema ma," nilimwambia.

"Lakini mwalimu, mbuzi ni nyama!"

"Leo hatuli, tunasikiliza."

"Hata kama. Mbuzi siwezi nikaacha hivyo."

Kulikuwa na mchezo mwingine wa kuandika silabi sakafuni kwa chaki, mimi nikiita, wao wakikimbilia kusimama juu yake, wakibanana kwenye "ba" kama watu waliokosa mahali pa kujikinga mvua. Kulikuwa na ule wa kupiga makofi, kila silabi kofi lake, ma-ha-ra-gwe. Watoto walianza kusoma. Hilo ni kweli na ningependa libaki kweli, hata baada ya haya mengine.

Kisha nikaleta duka.

Niliwaambia walete paketi tupu kutoka nyumbani: ya chai, ya sabuni, ya chumvi, ya kiberiti, chochote chenye maandishi. Tukazipanga juu ya benchi. Mwenye duka alisimama nyuma ya benchi na wanunuzi wakaja na vifuniko vya soda badala ya pesa. Mnunuzi hakuruhusiwa kutaja kitu, alitaja sauti. Mwenye duka alitafuta paketi inayoanza kwa sauti hiyo, akaweka kidole juu ya silabi, akaisoma, ndipo akauza. Watoto wa Eastlands hawahitaji kufundishwa duka. Walikuja na maneno ya mitaani kwao mazima mazima.

"Nipe ya cha."

"Ya chai ama ya chaki?"

"Ya cha! Maswali ya nini? Mimi ni kastoma!"

"Kastoma hana adabu. Nenda duka lile lingine."

"Lile lingine liko wapi na hili ndilo duka pekee?"

Halafu mmoja angepiga kelele "Kanjo!" na darasa zima lingekwapua paketi na kukimbilia kona, kama mama zao walivyokimbia na vikapu askari wa jiji walipotokea. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mchezo wote huo ulinigharimu kazi ya kukaa pembeni na kusema "rudia".

Nilikuwa nimeweka sheria moja: mwenye duka wa leo ni yule aliyeleta paketi mpya. Nilidhani ni haki. Mtoto anajitahidi, anatuzwa.

Kulikuwa na msichana mmoja aliyewapita wenzake kimo. Alikuwa na umri wa kuwa darasa la pili, lakini alikuwa ameletwa mjini na shangazi yake muda mfupi uliopita kutoka magharibi mwa nchi, ambako hakuwa ameanza shule. Alimwita shangazi huyo senje, kama wanavyoita watu wa kwao. Senje alikuwa na kibanda cha chai na chapati karibu na lango la kiwanda kimoja Baba Dogo, na makubaliano yake na kaka yake, baba wa mtoto, yalikuwa ya kawaida siku zile: mtoto atasaidia kulea kichanga jioni na asubuhi atasoma. Alikuja darasani na unga kwenye nyusi. Alikuwa na sikio ambalo sijaliona tena kwa mtoto. Katika mchezo wa kuruka hakuwahi kuruka kimakosa, hata nilipojaribu kumtega. Silabi za sakafuni alizifikia kabla sijamaliza kuziita, na akifika alisogea pembeni ili wadogo wapate nafasi.

Lakini dukani alikuwa mnunuzi tu. Wiki baada ya wiki, mnunuzi. Alisimama kwenye foleni na kifuniko chake cha soda, macho yakiwa kule nyuma ya benchi.

Siku moja nilimuuliza mbele ya wote, "Wewe kwenu hamli? Mbona huleti hata paketi ya chumvi?"

Darasa lilicheka. Nilikuwa nimelenga licheke.

"Tunakula, mwalimu," alisema. "Lakini tunapimiwa."

Nililijua jambo hilo kabla hajalisema. Nusu ya mtaa tuliishi kwa kupimiwa. Sukari ilikuja imefungwa kwenye kipande cha gazeti, mafuta ya kupikia yalichotwa kwa kijiko yakawekwa kwenye nailoni, unga wa mahindi ulitoka kinu cha posho ndani ya mkebe wako mwenyewe. Kwangu pia, mwisho wa mwezi, hali ilikuwa hiyo hiyo. Paketi nzima ilikuwa kitu cha watu wa mshahara. Kile kifaa ambacho kila mtoto tayari anacho nyumbani, wengine hawakuwa nacho, na mimi nilijua, nikamjibu kwa methali kwa sababu methali ilikuwa karibu zaidi kuliko fikra.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," nikasema. "Tafuta."

Wakati huo huo manung'uniko yalikuwa yameanza. Baba mmoja, dereva wa lori, alikuja na daftari la mtoto wake akalifungua mbele yangu kama mtu anayeonyesha kidonda.

"Mwalimu, muhula unaenda kuisha. Kurasa mbili. Kurasa mbili! Na kijana akifika nyumbani ananiambia, baba, nikuuzie nini?"

"Lakini anasoma," nilisema. "Mwambie asome ubao wa duka lolote."

"Mimi sikumleta shule asome ubao wa duka. Nataka aandike."

Alienda kwa mwenyekiti. Mwenyekiti aliishi Donholm na watoto wake walisoma akademi yenye sweta za rangi moja na basi la kuwachukua mlangoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyetaka darasa letu la mabati lifanane na akademi ile, na jambo pekee aliloweza kuliona kwa macho yake ni daftari lililojaa. Aliniita ofisini.

"Kule kwetu watoto wa umri huu wanaandika sentensi," aliniambia. "Hapa nasikia mnacheza kalongo. Mnapika na kuuziana."

"Ni sauti, mwenyekiti. Mchezo unafundisha sauti."

"Mwalimu, nisikilize kama ndugu. Nikisikia tena habari ya paketi, kamati itatafuta mtu mwingine. Wapo wengi wenye cheti."

Nilimwahidi kwamba nimeacha. Na nilikusudia kuacha. Lakini kesho yake nilifika bila somo, kama kawaida, na sauti iliyofuata ilikuwa nga. Niliandika nga ubaoni kwa mwandiko wangu mzuri, tukapiga makofi ya nga-no, nga-o, nga-mi-a, na muda ukawa bado mwingi mbele yangu. Ndipo nikasema, nikipunguza sauti kama mtu anayegawa peremende:

"Kesho tutafungua duka la nga. Atakayeleta paketi yenye nga ndiye mwenye duka siku nzima. Lakini msiseme nyumbani. Ni siri yetu na mwalimu."

Walifurahi sana na neno siri. Yule msichana hakufurahi kwa kelele. Aliangalia ubao, akasema polepole kwa mdomo tu, nga-no, nga-no, na sikumwuliza anawaza nini.

Nyumbani kwa senje kulikuwa na paketi moja tu: unga wa ngano wa biashara, uliokaa chini ya kitanda. Jioni hiyo, kichanga kikiwa kimelala na senje ameenda kuchota maji, msichana aliutoa. Hakuumwaga. Nataka hili lieleweke, maana baadaye watu walisema alimwaga unga. Alitafuta chombo cha kuuhamishia, akaona kopo kubwa lililo tupu na kavu, akaumimina humo bila kudondosha, akalifunika, akakunja karatasi vizuri akaificha kwenye mkoba wa shule. Kopo lile lilikuwa limetumika kuwekea mafuta ya taa. Lilikuwa limekauka, lakini bati halisahau.

Senje aliamka alfajiri akachota unga kwenye kopo huku akidhani ni yeye mwenyewe aliyeuweka humo kwa uchovu. Mafua yalikuwa yamemziba pua siku hizo. Alikanda, akapika, akabeba. Wafanyakazi wa kiwanda waliuma mara moja wakatema.

"Mama, leo umetupikia stovu?"

"Chapati ya mafuta ya taa! Mtu asiwashe sigara hapa, tutalipuka!"

Walicheka, kisha wakavuka barabara kwenda kwa mama mwingine. Hayo nilisimuliwa baadaye. Ninachokijua kwa macho yangu ni kwamba msichana alifika darasani mapema kuliko siku zote, akanipa karatasi ya unga wa ngano kwa mikono miwili, na asubuhi yote alikuwa mwenye duka. Sijui nieleze vipi alivyosimama nyuma ya lile benchi. Hakuruhusu mtu kununua kabla hajatamka sauti sawasawa, na mtoto mdogo aliposhindwa alimwinamia, akamwonyesha mdomo wake, "Tazama hapa, nga," mpaka mtoto akaipata. Yule wa Kiamaiko alimwambia, "Duka lako ni kali kuliko shule." Alicheka. Nilifikiri, huyu atakuwa mwalimu.

Asubuhi iliyofuata mwenyekiti alikuja kukagua madaftari. Nilikuwa nimeficha paketi kwenye katoni nyuma ya mlango na kuifunika kwa leso, na watoto walikuwa wakinakili a, e, i, o, u, kimya. Mwenyekiti alikuwa amekaa kwenye kiti cha mtoto, magoti juu, akipekua kurasa, tuliposikia hodi.

Alikuwa senje, aproni kiunoni, akimshika msichana kwa kifundo cha mkono. Uso wa mtoto ulikuwa umevimba upande mmoja.

"Karibu mama, kaa," mwenyekiti alisema.

"Sitakaa, baba. Nimekuja na swali moja kwa mwalimu." Akanigeukia. "Mwalimu, huyu ameharibu unga wangu wa kazi. Namuuliza kwa nini, ananyamaza. Namchapa, ananyamaza. Jana usiku ndiyo anafungua mdomo, ananiambia ati ni mwalimu alitaka karatasi. Na ati mwalimu alisema tusiambiwe. Nimeona nisimhukumu bure. Nimekuja uniambie wewe. Ulimtuma karatasi ya unga?"

Mwenyekiti alifunga daftari alilokuwa ameshika. Alinitazama tu, kwa utulivu, kama mtu anayesubiri chenji yake.

"Mimi?" nikasema. "Hapana, mama."

"Mwalimu, si ulisema..." Yule mvulana wa Kiamaiko alikuwa ameinuka nusu. Nilimtazama. Akakaa.

Msichana hakulia. Alisema, kwa sauti ya kunikumbusha tu, kama ninavyowakumbusha wao, "Ulisema, mwalimu. Ulisema nga."

"Watoto husikia mambo yao," nilimwambia shangazi yake. "Unaona mwenyewe. Hapa tunaandika."

Senje aliangalia ubao, akaangalia vichwa vilivyoinamia madaftari. Mkono wake ulikiachilia kifundo cha mtoto, na sikupenda vile ulivyokiachilia.

"Unga ni unga," alisema. "Ningenung'unika nikanyamaza. Lakini siku nilipomchukua nilimwambia kaka yangu: mtoto mzito wa kazi nitamvumilia, mtoto mwongo nitamrudisha. Mimi jioni naenda kuchota maji nikimwachia huyu kichanga changu. Nitamwachiaje mtu anayeweza kuniangalia machoni akanitungia uongo wa mwalimu?"

Basi nilijua. Siwezi kujitetea kwamba sikujua. Alilitamka jambo lote mbele yangu, kwa Kiswahili rahisi: nikinyamaza, mtoto anapanda basi. Katoni ilikuwa nyuma yangu, ningeweza kuigusa kwa kisigino. Darasa zima lilijua kilichokuwa ndani. Karatasi yenyewe ya ngano ilikuwa juu kabisa.

"Pole sana, mama," nikasema.

Walipotoka, mwenyekiti alitikisa kichwa. "Hawa wa kutoka mashambani huja na tabia zao," alisema. Nami nikaitikia, "Ndiyo, mwenyekiti." Kisha akasema madaftari yanaanza kupendeza.

Watoto waliendelea kuandika. Hakuna aliyeniuliza kitu siku hiyo wala kesho yake. Nilikuwa nimewafundisha kwa wiki nyingi kusikiliza, na walikuwa wamesikia.

Alipandishwa basi la kumrudisha kwao wiki ile ile. Nilipata habari kwa watoto waliokuwa wakiishi ploti moja naye, vyumba vya kupanga vya ua mmoja. Kila jioni nilijiambia nitapita kwa senje nimweleze. Njia ya kwenda kwangu ilipita pale. Jioni moja mvua ilinyesha, jioni nyingine nilikuwa na kikao cha kwaya, jioni nyingine nilipita kabisa mbele ya geti lao, nikasikia kichanga kinalia, nikaongeza mwendo. Nilikwenda shule zilipofungwa, wakati ambapo hakukuwa na darasa la kunyang'anywa, na hata muda huo niliuchagua mimi kwa kujipendelea.

Nilimkuta nje ya chumba chake akikanda unga, kichanga kikiwa mgongoni. Alinipa kigoda. Nilimweleza yote, duka, siri, katoni, mwenyekiti. Mikono yake haikusimama. Nilipomaliza alisema, "Rudia."

Nikarudia.

"Kwa hivyo mtoto alisema kweli."

"Alisema kweli, mama."

"Na mimi nikamchapa mpaka akavimba, akasema kweli, nikamleta kwako unisaidie kujua, wewe ukanisaidia." Alicheka kicheko kifupi kisichokuwa na kitu ndani. "Sasa unaniambia nifanye nini, mwalimu? Niupeleke wapi huu ukweli?"

"Nilifikiri ungemrudisha. Nitamfundisha bila malipo. Nitamfundisha hata jioni."

"Nimrudishe kutoka wapi? Shemeji wa kaka alipita hapa majuzi. Mtoto hayuko hata kwao. Kaka alisema, kama mjini alishindwa na shule, basi afanye kazi. Amepelekwa Kakamega kwa mama fulani amlelee watoto. Unajua huyo mama ni nani? Ni mwalimu. Mwalimu kama wewe."

"Hawezi kumpeleka shule, huyo mwalimu?"

"Nani hupeleka yaya shule?"

Aliosha mikono, akajifuta kwa aproni, akasimama.

"Simama," alisema. "Pale kwenye bomba kuna wanawake wanafua. Niliwaambia wote kwamba mtoto wa kaka yangu ni mwongo. Nilisema kwa sauti, wakati nampeleka stendi, wakaniunga mkono. Njoo uwaambie."

Nilimfuata. Nilisimama kati ya mabeseni, na suruali yangu ikalowa maji ya sabuni, nikawaambia wanawake wale kwamba msichana hakudanganya, kwamba ni mimi niliyemtuma, ni mimi niliyemwambia asiseme, na ni mimi niliyekana. Mmoja aliendelea kukamua shuka. Mwingine aliniangalia kuanzia viatu mpaka kichwa.

"Na unatuambia leo? Mtoto ameenda kitambo."

"Mwacheni," alisema mama mzee kati yao. "Si amekuja?"

"Amekuja! Tumpe soda?"

Wakacheka kidogo, si kwa ubaya mkubwa, kisha yule wa shuka akasema, "Sawa mwalimu, tumesikia," na bomba likafunguliwa tena. Ilikuwa imekwisha. Nilishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi. Nilihisi nimetua mzigo, na nikaanza hata kujisifu moyoni, kabla senje hajanifikia getini.

"Hawa hawawezi kukufanya kitu," alisema. "Ni wafuaji tu. Utaenda lini kwa mwenyekiti?"

"Nitaenda."

"Mwalimu, ukisema kwa mwenyekiti, nitamwandikia kaka kwamba kanisa lenyewe limesema mtoto hana kosa. Neno la kanisa atalisikia. Langu hatalisikia, mimi ndiye nilimrudisha."

Alikuwa amefikiri mbali kuliko mimi. Palikuwa bado na njia, nyembamba, na njia hiyo ilipitia ofisi ya mwenyekiti.

"Nitaenda," nikasema.

Shule zilifunguliwa. Nilifundisha kwa kuandika. Madaftari yalijaa, watoto walinakili mistari na mistari ya silabi walizozijua kwa macho bila kuzisikia, na yule dereva wa lori alinishukuru kwa kunishika mkono. Kila nilipopita kibandani Baba Dogo, senje hakunisalimia kwa habari za asubuhi. Aliniuliza, "Umeenda?" Nami nikamjibu, "Bado, mama. Wiki hii." Aliniuliza hivyo muhula huo wote, na uliofuata, bila hasira, huku akigeuza chapati. Mara moja alisema amepata habari kwamba mtoto amekonda. Nilisema nitakwenda Jumatatu.

Mwenyekiti alipata uhamisho wa kikazi kwenda Kisumu. Tulimwandalia chakula cha kumuaga kanisani, na kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika na kusoma risala ya shukrani. Niliisoma vizuri. Nilimsifu kwa kusimamia nidhamu na ukweli. Alinikumbatia mbele ya watu wote, akaniambia sikioni kwamba angewaandikia kamati mpya waniongeze mshahara.

Asubuhi iliyofuata nilipita kibandani. Senje alikuwa amekwisha kupata habari. Wanawake wa ploti yake ndio waliopika kwenye sherehe ile. Alinimiminia chai, akaweka chapati moja juu ya sahani, akaisukuma kwangu, kisha akamgeukia mteja aliyekuwa nyuma yangu, akamwuliza habari za kwao. Nilikaa pale mpaka chai ikapoa. Hakuniuliza kitu.